Bei Njoo Inboksi

Wewe uliye jikoni, wewe uliyekwama kwenye foleni, na wewe uliyeshusha mlango wa duka sasa hivi unahesabu mauzo, nazungumza na nyinyi nyote. Tuna kama robo saa ya kukaa pamoja, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye mada. Leo tunazungumza kuhusu kuuza na kununua mtandaoni, na nitaanza na swali.

Umefungua Instagram, umekutana na picha ya gauni. Gauni zuri, kitambaa kinaanguka vizuri, mshono umetulia. Chini yake watu wameuliza jambo lilelile, mmoja baada ya mwingine. "Bei?" "Bei gani dada?" "Bei jamani, mbona kimya?" Na muuzaji kawajibu wote maneno mawili: "Njoo inboksi." Sasa najiuliza, na wewe nisaidie kujiuliza. Mtu ametafuta mzigo, amenunua bando, amepiga picha mpaka ikakubali, pengine ametoa na hela ili tangazo lake lisambae. Halafu anakuficha kitu cha kwanza unachotaka kukijua. Kwa nini?

Jibu la haraka tunalo wote: anataka kukupima. Aangalie picha yako ya wasifu, asome unavyoandika, akisie kama unakaa Masaki kwa wenye nazo au Mbagala kwa sisi wa kawaida, ndipo ataje bei. Hilo lipo, sikatai. Dukani Kariakoo, Dar es Salaam, muuzaji hukusoma kwa macho, huangalia viatu ulivyovaa na namna unavyokishika kitambaa. Mtandaoni hana nafasi hiyo, basi anakuvuta pembeni akusome huko.

Lakini iko sababu nyingine, na ukiongea na wauzaji wenyewe ndiyo utakayoisikia zaidi. Wengi wa hawa tunaowaona mtandaoni hawana mzigo. Narudia, msikilizaji: hawana mzigo. Mwenye mzigo ni mtu wa jumla, yuko Mtaa wa Congo au pale Msimbazi, ana kundi lake la WhatsApp. Asubuhi anatupia picha kwenye kundi: viatu hivi, mikoba hii, bei ya jumla ni hii. Vijana na akina mama waliomo kwenye kundi wanachukua picha zilezile, wanaziweka kwenye kurasa zao, kila mmoja anaweka cha juu yake. Huyu ameweka elfu tano, yule elfu nane, mwingine elfu kumi na mbili. Ukilipa, ndipo anapokimbia Kariakoo kuchukua jozi moja na kukutumia.

Umeona sasa tatizo lake? Picha ni moja, kiatu ni kimoja, kurasa ni ishirini. Akiandika bei waziwazi, aliye ukurasa wa pili ataandika pungufu ya elfu mbili, na mteja kahama. Kwa hiyo anaificha asionwe na wenzake. Wewe mteja unadhani unakomolewa wewe, kumbe anayekimbiwa ni jirani mwenye picha ileile.

Nami naiheshimu kazi hiyo. Kuna watu wanasomesha watoto kwa cha juu. Hawana mtaji wa kupangisha fremu Kariakoo, hawana nauli ya kwenda Guangzhou kule China, wana simu na ulimi mzuri. Anayewaita madalali kwa dharau ajaribu siku moja tu kujibu "bei?" mpaka usiku wa manane huku bando linakata.

Hata hivyo, nasema wanajipunja. Nasema hivyo nikiwa upande wa mnunuzi. Fikiria mtu yuko kazini, ana dakika tatu za mapumziko. Ameipenda sahani ya udongo, anataka kujua kama mfuko wake unafika. Akaenda inboksi, akasalimia, akaambiwa "karibu mpenzi", akauliza bei, kimya. Baada ya saa mbili analetewa ujumbe wa sauti wa dakika nzima. Huyo ameshanunua kwingine, au hela ameshaila. Na wapo wengi ambao hawaulizi kabisa. Mtu mwenye aibu hataki kutajiwa bei kisha aondoke, maana kwetu kuondoka baada ya kutajiwa bei kunahitaji maneno. Wengine wana kanuni yao fupi: bei isiyoandikwa ni kubwa. Hao hawatoi taarifa, wanapita tu, na muuzaji hataona kwenye simu yake kwamba walikuwepo.

Sasa tujiulize, tabia hii tumeitoa wapi? Hapa naomba unisikilize kidogo, nitatoka nje ya nchi kisha nitarudi.

Marekani, watu wa mashambani walianza kununua vitu kwa mbali muda mrefu kabla ya kompyuta. Kampuni ya Sears, Roebuck ilikuwa ikiwapelekea kitabu kinene chenye picha na bei, tangu miaka ya 1890. Cherehani, nguo, jiko, mpaka saa za mfukoni. Mwaka 1896 posta yao ilianza kufikisha barua mpaka kwa wakulima huko mashambani bila malipo, na mwaka 1913 ikaanza kubeba na vifurushi. Kwa hiyo Amazon ilipoanza kuuza vitabu kupitia intaneti mwaka 1995, mteja wa kule alikuwa na mazoea ya babu yake: unaona picha, unaona bei, unalipa, unasubiri posta. Kilichobadilika ni karatasi tu.

Sisi hatukuwa na kitabu hicho. Sisi tulikuwa na soko, na soko letu ni la maneno. Unasalimia, unauliza, unaambiwa, unashangaa kidogo, unapunguziwa, unaondoka kidogo, unaitwa. Mtandao ulipotufikia vizuri, baada ya nyaya za chini ya bahari kutua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, hatukwenda kutafuta kitabu cha bei. Tulilihamishia soko kwenye simu, likaja na kelele zake zote. WhatsApp walilitambua hilo, na mwaka 2018 wakatoa programu yao maalumu kwa wafanyabiashara wadogo, yenye majibu ya haraka, na baadaye wakaongeza sehemu ya kupanga bidhaa. Sehemu hiyo ina mahali pa kuandika bei, msikilizaji. Wengi wamepaacha wazi.

Na tusijione wa ajabu. Wachina nao ni watu wa kuulizana bei. Mwaka 2003 kampuni ya Alibaba ilifungua soko la mtandaoni linaloitwa Taobao, ikaweka ndani yake mahali pa mnunuzi na muuzaji kuchati, kuulizana, kuvutana bei. Kampuni kubwa ya Marekani, eBay, ilikuwa hukohuko China na fedha nyingi. Mwishoni mwa 2006 eBay ilifunga tovuti yake ya China. Mazungumzo hayakuwazuia Wachina kufanya biashara ya mtandao, yaliwasaidia. Lakini Taobao waliongeza kitu kingine ambacho sisi hatuna, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Mnunuzi alipolipa, fedha haikwenda kwa muuzaji moja kwa moja. Ilishikwa katikati, kwenye huduma yao ya Alipay, mpaka mnunuzi aseme: mzigo nimeupata, ni wenyewe. Hapo ndipo muuzaji aliachiwa hela yake.

Sisi je? Nani anashika fedha yako kati ya Dar es Salaam na Songea? Hakuna. Unatuma, inafika papo hapo, ni ya mwenzako. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na hapa Tanzania mwaka uliofuata, ilituondolea shida kubwa ya kupeleka fedha. Ilipeleka kwa haraka mno kiasi kwamba hakuna muda wa kujuta.

Ndiyo maana kampuni iliyojaribu kuleta duka la mtandaoni la aina ya Amazon, Jumia, ilijenga biashara yake kwa kumruhusu mteja kulipa mzigo ukifika. Lilikuwa wazo zuri, ila gharama yake ilikuwa kubwa. Ukipeleka mzigo mteja akasema "nimebadili mawazo" au simu yake haipatikani, safari ni yako, mafuta ni yako, mzigo unarudi nao. Nchini Kenya wapo mpaka leo. Hapa Tanzania walifunga shughuli zao mwezi Novemba mwaka 2019. Walipoondoka, wauzaji wa Instagram hawakutikisika, waliendelea na utaratibu wao.

Na utaratibu wao ni upi? Kama uko Dar es Salaam, bodaboda anakuletea, unaangalia, unalipa. Muuzaji akiwa na mashaka atakuomba utangulize hela ya usafiri. Kama uko mkoani, unalipa yote kwanza, mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli kule Mbezi, unafungwa kwenye boksi, jina lako na namba ya simu vinaandikwa juu kwa kalamu nene, unapandishwa basi. Muuzaji anakupigia picha risiti ya basi na kukutumia. Kesho yake unakwenda stendi ya kwenu na kitambulisho. Wa Zanzibar anasubiri boti. Serikali iliendesha kazi kubwa ya anwani za makazi mwaka 2022, nyumba nyingi sasa zina namba na mitaa ina vibao, lakini mwulize bodaboda. Bado anataka umwambie: pita msikiti, kuna duka la dawa, ukiona geti jeusi nipigie.

Sasa turudi kwa muuzaji. Nimesema kwamba pengine ametoa hela ili tangazo lisambae. Wenyewe wanaita kusponsa. Je, unajua hela hiyo inafanya nini hasa? Watu wengi hudhani wamenunua nafasi, kama unavyonunua dakika hapa redioni: saa moja na nusu tangazo lako litasomwa, basi. Huko haiko hivyo. Huko ni mnada. Kila unapofungua simu na kuanza kupitisha kidole, kila nafasi ya tangazo inayokaribia inapigwa mnada kabla hujaifikia. Muuza magauni, benki, mtu wa kozi za Kiingereza, wote wanaitaka nafasi hiyo kwako. Na kompyuta haimpi tu aliyeweka fedha nyingi. Inakadiria pia: huyu mtu, tangazo lipi ana dalili ya kulibonyeza? Inajua hivyo kwa kuangalia ulisimama wapi jana, ulimtafuta nani, ulitazama video gani mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukitazama viatu vya mtoto leo, kesho viatu vya watoto vinakufuata. Hakuna aliyekusikiliza ukiongea sebuleni, kama wengi wanavyoamini. Wewe mwenyewe ulishaeleza kila kitu kwa kidole. Na kumbuka Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Kibaraza unachoonyeshewa bidhaa na kaunta unayoulizia bei ni vya mwenye nyumba mmoja, naye ndiye anayekusanya kodi kwa muuzaji.

Muuzaji mdogo anayelipia tangazo bila kuchagua mji, umri na aina ya watu anamwaga fedha. Anauza keki Mwanza, tangazo lake linaonekana Mtwara. Watu wanapenda, wanaweka mioyo, yeye anafurahi kwamba posti imefika mbali. Keki haifiki Mtwara, mama! Chagua Mwanza, chagua hata kilomita chache kuzunguka ulipo, vinawezekana. Na ukishalipia tangazo, andika bei. Nimeisema mwanzo nairudia hapa kwa sababu sasa ni suala la fedha: kila anayeonyeshwa tangazo kisha akapita kwa sababu hajui bei, umemlipia. Bei ikiwa wazi, anayeiweza ndiye atakayebonyeza. Unaogopa jirani mwenye picha ileile? Piga picha yako mwenyewe. Kiatu ukikivaa wewe, mguuni kwako, kwenye kibaraza chenu, hakuna wa kukuigiza, na mteja ataamini kwamba umekishika kwa mikono yako.

Haya. Tuhamie kwa mnunuzi, maana najua kuna aliyekaa hapo anasubiri niseme kuhusu wezi.

Wezi wapo, na kazi yao ni rahisi kwa sababu ileile tuliyoiona: picha ni za kila mtu. Anachukua picha za duka la watu, anafungua ukurasa, ananunua wafuasi, anaweka bei ya chini kidogo kuliko wote, na huyu mara nyingi anaiandika bei! Anaiandika kwa herufi kubwa. Halafu anadai ulipe yote kwanza, mzigo "uko njiani".

Fanya hivi. Mwambie muuzaji akupigie video fupi ya bidhaa hiyo, pembeni aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo, au anayejua mzigo uliko, atakufanyia kwa dakika chache. Mwizi atakuwa mkali. Ataanza kusema hujiamini, unapoteza muda wake, wateja ni wengi. Ukali huo ndio jibu lako.

Kisha lile jina. Unapolipa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Msikilizaji, lisome. Tumezoea kulipita kama tunavyopita masharti ya programu. Ukurasa unaitwa duka la dada fulani, jina linalokuja ni la mwanaume usiyemjua. Uliza. Linaweza kuwa na maelezo, laini ya mumewe, laini ya dukani. Lakini uliza kabla, kwa sababu baada ya namba ya siri hakuna mtu wa katikati. Anayelipwa kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara yake amekupa kitu cha kushika, maana aliisajili na anajulikana alikoisajili. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", ambazo sasa zimejifunza hata kujifanya muuzaji wako, zipeleke 15040. Ni namba ya kuripoti utapeli, haina gharama ya kukuumiza.

Kuna mtu ataniuliza: je, nikitapeliwa, ile chati ya WhatsApp ina maana yoyote kisheria? Ina maana. Tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu mwaka 2015, na inatambua kwamba makubaliano hayakataliwi kwa sababu tu yamefanyika kwa njia ya kielektroniki. Kwa hiyo usifute mazungumzo. Watu wakikasirika hufuta na kumblokia mtu, wanabaki na hasira bila ushahidi. Hifadhi picha ya ukurasa, chati, ujumbe wa malipo, ndipo ukasirike.

Nina dakika chache, na jambo la mwisho ni dogo, ila linaniudhi. Ulinunua pazia mwaka jana, mara moja. Tangu siku hiyo unapokea meseji za mapazia, mashuka, mafuta ya kukuza nywele na viwanja vya Kigamboni. Umeingizwa kwenye kundi la watu mia mbili ambalo hukuomba, na namba yako inaonekana na wote. Muuzaji anaona anatafuta soko. Sheria hiyo niliyoitaja inakataza kumtumia mtu matangazo ya biashara bila ridhaa yake, na inataka apewe njia ya kujitoa. Juu yake ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake. Wenzetu wa Kenya wana ya kwao tangu 2019. Namba ya simu ya mteja wako ni taarifa binafsi. Hata kama unauza sabuni za maji tu kutoka chumbani kwako, ni taarifa binafsi, na umeipewa kwa ajili ya kumfikishia sabuni.

Kama unataka kumtangazia, muulize. Andika: "Dada, mzigo mpya ukija nikutaarifu?" Atakayesema ndiyo atakuwa anasoma meseji zako. Atakayesema hapana mwache, na bando lako umelibakiza. Tumia orodha ya kutuma kwa wengi, ile ambayo kila mmoja anapokea peke yake, badala ya kundi ambalo mpinzani wako anaingia kimyakimya na kuchota wateja wote kwa jioni moja. Nimesikia wauzaji wakilalamika kwamba wateja wao wameibwa namna hiyo, na kundi walilifungua wao.

Mtayarishaji ananionyesha saa, taarifa ya habari inakaribia. Wiki ijayo nitakuwa na wewe tena tuzungumze kuhusu mizigo inayoagizwa China kwa njia ya makundi, wale wanaoita kujaza kontena, kwa sababu maswali yenu mengi yamekuja upande huo. Wenye uzoefu niandikieni kwa namba ya kipindi, na ukiandika weka jina lako na mahali ulipo. Sitaiingiza namba yako kwenye kundi lolote.